Kwa nini Wagiriki wa kale wakianza na nyota wanaishia kwenye roho ya mtu?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Wakuu salaam. Mi si mtu wa falsafa, nimesomea uhasibu, ila bando la usiku likiwepo huwa nasoma vitu vya ajabu ajabu. Sasa nimeshika kitabu cha Plato kinaitwa Timaeus, nikakichagua kwa sababu watu wanasema humo ndo kaeleza ulimwengu ulivyotengenezwa. Mwanzo poa kabisa, kuna Fundi anapanga dunia, kuna jua, mwezi, sayari, kuna muda unavyoanza, nikajua hapa nasoma elimu ya anga ya watu wa zamani. Afu ghafla jamaa anahamia kwenye kichwa cha mtu, shingo, kifua, anashuka mpaka kwenye ini, eti ini ni laini na linang'aa kama kioo ili sehemu ya chini ya roho ione picha humo, na wengu umewekwa pembeni kazi yake kulifuta ini lisichafuke. Hapo nikasimama. Wengu ni kitambaa cha kufutia ini?? Nilidhani nimeruka ukurasa.

Kwa hiyo naomba kueleweshwa, nyota na ini vinahusiana nini? Huyu mzee alibadilisha mada katikati au kuna uzi mmoja ambao mi siuoni?

Na lingine ambalo ndo hasa lilinifanya nianze kusoma. Kanisani kwetu kuna mtumishi amefundisha kwamba imani ya roho isiyokufa haitoki kwenye Biblia, tumeletewa na Wagiriki, na kwamba Wagiriki wote waliamini mwili ni jela na roho ni mfungwa anasubiri kutoka. Ni kweli wote waliamini hivyo? Msinipe majibu ya kunitukania mtumishi tafadhali, nataka kujua Wagiriki walisema nini.

Frateri Mstaafu

Mkuu hongera, wengi wakifungua Timaeus wanaifunga kabla ya kufika kwenye ini. Mi nilimaliza miaka ya falsafa seminari kuu kabla sijatoka (usiniulize nilitokaje) na hicho kitabu tulikisoma na padri mmoja mkali sana ambaye alikuwa hakubali mtu acheke kwenye wengu.

Mada haijabadilika hata kidogo, ni ile ile. Angalia vizuri yule Fundi alivyofanya kazi. Kwanza hakuumba kutoka pasipo kitu, alikuta vitu vimevurugika akavipanga. Pili, kabla ya kutengeneza mwili wa ulimwengu alitengeneza roho yake. Ndiyo, kwa Plato ulimwengu wenyewe una roho, ni kiumbe hai kimoja kikubwa chenye akili. Akachanganya mchanganyiko wake kwenye bakuli, akaupasua kwa urefu vipande viwili, akavipishanisha kama herufi X, akavikunja mpaka vikawa mizunguko miwili. Mzunguko wa nje ndo ule wa nyota zote unaouona kila usiku, wa ndani akaugawa saba, mwezi, jua na sayari tano walizokuwa wanaziona kwa macho. Sasa hapa ndo uzi wenyewe ulipo: akishamaliza hiyo anarudi kwenye bakuli lile lile, anachanganya vitu vile vile vilivyobaki, ila safari hii si safi kama mwanzo, ni daraja la pili na la tatu, na hiyo ndo roho yako na yangu. Anazigawa zikawa sawa na idadi ya nyota, kila roho na nyota yake, na ukiishi vizuri ukifa unarudi kwenye nyota yako.

Maana yake kwa Plato kichwani mwako mna mizunguko ile ile inayozungusha anga. Shida ni kwamba roho ikiingizwa kwenye mwili inakutana na fujo. Soma tena pale kwenye mtoto mchanga, mi naona ni sehemu nzuri kuliko zote: chakula kinaingia na kutoka kama mto uliofurika, joto, baridi, mwanga, kelele, vyote vinagonga ile mizunguko mpaka inapinda na kukatika katika, ndo maana kichanga kinajirusha kila upande na hakina akili bado. Mafuriko yakipungua mizunguko inaanza kukaa kwenye njia yake na mtu anapata akili. Kichwa kimefanywa cha duara kwa kuiga umbo la ulimwengu, na mwili uliobaki tulipewa kama usafiri, ili kichwa kisiwe kinabiringika chini na kukwama kwenye mabonde na vilima. Sitanii, kaandika hivyo.

Na macho je? Anasema faida kubwa ya macho ni kwamba tunaona mizunguko ya mbinguni isiyoyumba, tunaijifunza, halafu tunanyooshea ile ya kwetu inayoyumba. Kwa hiyo kusoma nyota kwake ni matibabu ya roho. Ukitoa roho kwenye kile kitabu, ile elimu ya anga haina kazi tena.

Ini sasa. Roho yenye akili imekaa kichwani, shingo imewekwa katikati kama kizuizi ili uchafu wa chini usipande, kifuani kuna ile sehemu ya hasira na ushujaa, na chini ya kiwambo (ule msuli unaotenga kifua na tumbo) kuna tamaa ya chakula na kinywaji, imefungwa pale kama mnyama kwenye hori lake. Huyo mnyama haelewi hoja. Ukimpa hoja anakuangalia tu. Ila anaelewa picha, ndo maana akawekewa kioo, akili inatuma picha za kutisha au za kutuliza kwenye ini na mnyama anatulia. Wengu ni wa kufutia kioo, basi.

La mtumishi wenu nitarudi nalo, ngoja nile kwanza.

Chizi Mstaarabu

Hapo kwenye kichwa kubiringika nimecheka mpaka abiria wa pembeni ananiangalia. Kwa hiyo mtu mnene ana usafiri mkubwa sio?

Frateri Mstaafu

We cheka tu. Kuna hii pia, utumbo umekunjwa kunjwa ili chakula kisipite haraka, kwa sababu kingekuwa kinapita haraka tungekuwa tunakula muda wote na hakuna mtu angepata nafasi ya kufanya falsafa.

Chizi Mstaarabu

Basi wa shemeji yangu umenyooka.

Frateri Mstaafu

Narudi kwenye swali la pili. Jibu fupi ni hapana, si Wagiriki wote, na hata si wengi wao.

Mtumishi ana sehemu ya ukweli. Ule mwili kama jela upo kwenye Phaedo, kitabu ambacho Plato anasimulia siku ya mwisho ya mwalimu wake Socrates, mwaka 399 KK, yuko gerezani anasubiri kunywa sumu jua likizama na anaongea na rafiki zake kwamba roho haifi. Na hilo wazo si la Plato peke yake, lilikuwepo kwa wafuasi wa Pythagoras, wale walioamini roho inahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine hata wa mnyama. Kuna mshairi wa zama hizo, Xenophanes, aliwacheka, akasema Pythagoras alimkuta mtu anampiga mbwa akamwambia acha usimpige, hiyo ni roho ya rafiki yangu nimeitambua sauti yake. Unaona, Mgiriki anamcheka Mgiriki kwa habari hiyo hiyo ya roho kuhama.

Ila hata mle mle gerezani kwenye Phaedo watu hawakukubaliana na Socrates kirahisi. Simmias anamwambia mzee, labda roho ni kama mlio uliopangika wa kinubi, kinubi chenyewe kikivunjika na mlio umekwisha. Mwenzake Cebes anakuja na lingine baya zaidi, anasema sawa tukubali roho ina nguvu kuliko mwili, mfumaji naye amevaa na kuchakaza mashuka mengi aliyofuma mwenyewe ila lile la mwisho limebaki yeye kafa, sasa utajuaje kama huu mwili si shuka la mwisho la roho yako? Chumba kizima kikanyamaza, Phaedo (yule msimulizi ambaye kitabu kimepewa jina lake) anasema walivurugika mioyo wakaanza kutilia shaka hata yale waliyokuwa wameshayakubali. Plato angeweza kuzificha hizo hoja, akaziandika kwa nguvu zake zote, kwa hilo namheshimu.

Na Mgiriki wa kawaida ambaye hajasoma falsafa alikuwa na mashairi ya Homer. Kwa Homer roho inabaki baada ya kifo lakini inabaki kivuli tu huko kuzimu, haina raha yoyote. Shujaa Achilles, akiwa ameshakufa, anamwambia mwenzake Odysseus kwamba bora awe kibarua wa maskini asiye na shamba duniani kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Hapo kuna mfungwa anayesubiri kwa hamu kutoka jela kweli?

Bibi Mwalimu

Wanangu, nimefundisha historia mpaka nikastaafu kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Frateri umeeleza vizuri ila umeruka sehemu moja ya Timaeus na nadhani umeiruka makusudi. Mwambie kijana kwamba kwenye kitabu hicho hicho wanaume walioishi kwa woga na udhalimu wakizaliwa mara ya pili wanazaliwa wanawake. Hiyo ndo adhabu ya kwanza. Kisha ndo wanakuja ndege na wanyama na samaki. Nami nikisoma pale huwa nakiweka kitabu chini nachemsha chai kwanza. Cha ajabu ni Plato huyu huyu ambaye kwenye kitabu chake kingine, Jamhuri, anasema mwanamke akiwa na kipaji apewe elimu ile ile na atawale pamoja na wanaume, na shule yake, Academy, inasemekana ilikuwa na wanafunzi wawili wanawake, Axiothea na Lastheneia. Sasa mzee ni yupi kati ya hao wawili sijui, chagueni.

Lakini nilichotaka kusema ni hiki. Frateri amemweleza Plato tu, na mleta mada kauliza Wagiriki. Mi nimeona kwa Wagiriki karibu wote kwamba ukimuuliza mtu ulimwengu umetengenezwa na nini, jibu lake ndo linaamua roho yako itakuwa nini na itaishia wapi. Hawakuwa na roho ya pembeni iliyotoka nje ya ulimwengu. Anaximenes wa Miletus, karne ya 6 KK, alisema kila kitu ni hewa, basi na roho ni hewa, inatushika tusisambaratike kama hewa inavyoushika ulimwengu mzima. Heraclitus wa Efeso akasema ni moto unaowaka kwa vipimo na kuzimika kwa vipimo, basi roho bora kwake ni roho kavu, na mlevi akaeleza kwamba anaongozwa na mtoto mdogo barabarani anajikwaa hajui anakwenda wapi kwa sababu roho yake imelowa. Mimi hiyo nimeipenda kuliko mizunguko yote ya Plato, na nina majirani wa kuwasomea.

Mkija kwa Democritus kila kitu ni atomu na utupu, basi roho nayo ni atomu, za mviringo na laini, zinapenya kila mahali mwilini. Epicurus akaichukua hiyo. Mtu akifa atomu zinatawanyika, hakuna anayebaki kuumia, akasema tukiwepo kifo hakipo na kifo kikija sisi hatupo. Huyu Epicurus ndo mfano wangu mkubwa maana yeye hakuamini nyota zina roho wala mungu wa kuzizungusha, ungetegemea asijali mambo ya anga kabisa, lakini alisoma anga na kuandika barua ndefu juu yake. Kwa nini? Yeye mwenyewe anasema kama tusingekuwa tunasumbuliwa na hofu ya mambo ya angani na hofu ya kifo tusingehitaji elimu ya maumbile. Radi ikipiga au jua likipatwa, yeye anataka ujue kuna sababu za kawaida, anakupa hata tatu nne, chagua yoyote isiyopingana na unachokiona, mradi uache kutetemeka. Kwa hiyo naye nyota kazitazama kwa ajili ya roho, ila amefika mwisho tofauti kabisa na Plato. Na bustanini kwake Athene wanawake na watumwa walikaa wakasoma naye, sio kwa kusubiri kuzaliwa tena.

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Bibi Mwalimu shikamoo. Kumbe hata asiyeamini naye yuko kwenye uzi ule ule. Hao Waepikureo ndo wale wa Matendo ya Mitume?

Bibi Mwalimu

Marahaba mwanangu. Ndio hao, sura ya 17, Waepikureo na Wastoiko wanakutana na Paulo Athene. Na hapo ungemwonyesha mtumishi wenu kitu. Paulo alipofika kwenye ufufuo wa wafu wengine walimcheka, si ndiyo? Wangekuwa wote wanaamini roho haifi wangembishia kwa namna nyingine. Mwepikureo hakuamini kitu chochote kinabaki. Mstoiko naye aliamini roho ni pumzi ya moto, kipande cha ile pumzi iliyoenea ulimwengu wote na kuushikilia, na inabaki kwa muda tu baada ya kifo. Wakuu wao wawili walitofautiana, Chrysippus alisema za wenye hekima tu ndo zinadumu, Cleanthes akasema zote, lakini hata hizo mwisho wake ni pale ulimwengu mzima utakapowaka moto na kuanza upya.

Na ule mstari Paulo alioutumia, kwamba sisi sote tu wazao wake, mnajua umetoka wapi? Ni wa Aratus, mshairi wa karne ya 3 KK aliyetoka Soli huko Kilikia, mkoa mmoja na Tarso ya Paulo. Na shairi lenyewe linahusu nini? Makundi ya nyota! Sehemu kubwa ya shairi ni kumwonyesha mkulima na baharia nyota zilivyokaa na zinachomoza lini. Yani mtume anataka kusema habari ya Mungu na mwanadamu, anachukua mstari kutoka kwenye kitabu cha nyota, na wale Waathene wala hawakushangaa.

Mlima Korosho

Mimi nasoma comenti tu hapa ila naona mnawapamba sana. Hawa watu walikuwa wanakisia. Mmoja hewa, mmoja moto, mmoja atomu, mwingine wengu ni kitambaa. Hakuna aliyepima kitu. Leo tunajua akili iko kwenye ubongo, mjadala umefungwa.

Dokta wa Mifugo

Korosho ndugu yangu hapo umegusa fani yangu. Unadhani nani alipima kwamba ni ubongo?

Wagiriki wenyewe waligombana kuhusu hilo kwa mamia ya miaka na waligombana kwa kisu mkononi. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alisema moyo. Na hakukaa tu kwenye kiti akasema moyo, alifungua mayai ya kuku yaliyoatamiwa, akaandika kwamba baada ya siku tatu hivi unaona nukta ya damu kwenye ute inaruka na kucheza kama kitu chenye uhai, ndo moyo huo. Tumefanya hilo zoezi chuoni, ukivunja ganda taratibu kwenye upande butu wa yai unaiona kabisa nukta nyekundu inadunda, na usipojua mengine hutakosa kusema uhai umeanzia hapo. Ubongo kwake ukawa wa kupoozea damu. Amekosea jibu lakini alichokiona alikiona.

Baadaye Alexandria huko Misri, daktari Herophilus akachambua mishipa ya fahamu akaifuata mpaka kwenye ubongo. Halafu akaja Galen, daktari Mgiriki wa Pergamo, karne ya 2 baada ya Kristo, akawafanyia watu wa Roma onyesho hadharani. Alichukua nguruwe, anampenda nguruwe kwa sababu ana kelele kuliko wanyama wote, akamfunga, mnyama anapiga kelele mtaa mzima unasikia, akatafuta pembeni ya koo neva mbili nyembamba kama unywele, akazifunga kwa uzi. Nguruwe akanyamaza. Anaendelea kujitupa, anapumua, mdomo unafunguka, sauti hakuna. Akalegeza uzi sauti ikarudi. Wale waliosema sauti na fikra zinatoka moyoni walikuwepo wamekaa mbele kabisa. Hizo neva zinaanzia kichwani zinashuka mpaka kifuani halafu zinageuka kurudi juu kwenye koo, mpaka leo ukipasua mnyama shingoni unatakiwa uwe makini nazo maana ukizikata umemharibia sauti.

Galen huyo huyo akasema Plato alikuwa sahihi, akili kichwani, hasira moyoni, tamaa kwenye ini, akajitahidi kuonyesha kwa kufuata neva, ateri na vena kila moja inaanzia wapi. Ila alipoulizwa roho yenyewe ni kitu gani, inakufa au haifi, ina mwili au haina, akasema hajui. Mtu amepasua wanyama maisha yake yote na ana majivuno kuliko daktari yeyote wa kale, na hapo akasema sijui. Sasa we unasema mjadala umefungwa. Kujua kiungo kinachofanya kazi ni jambo moja, wao waliuliza na zaidi ya hapo.

Mlima Korosho

Ok doc hapo kwenye nguruwe nimekaa kimya kama nguruwe mwenyewe. Ila wengu sikubali.

Dokta wa Mifugo

Wengu hata mimi sikubali. Ingawa kwa mtu ambaye hana darubini, anaona kiungo chenye sponji, kimejaa damu, kimekaa pembeni na hakina kazi inayoonekana, kusema kinafyonza uchafu si upuuzi sana. Wengu kweli unachuja seli za damu zilizochakaa. Plato alibahatisha, simpi maksi.

Maalim wa Kisauni

Assalaam alaykum jamaa. Mjadala mzuri lakini naona mwatoka Athene mwaingia Roma na kanisani mwasahau njia nzima ilopita kwetu. Haya mambo ya Wagiriki yalifasiriwa kwa Kiarabu Baghdad, karne ya 9 hasa, na pale ndipo swali la huyu ndugu mleta mada lilipochomeka kikweli kweli, kwa sababu Waislamu walikuwa na Kitabu chasema ulimwengu umeumbwa na watu watafufuliwa, na mkononi wamepewa Aristotle asema ulimwengu hauna mwanzo na roho ni namna ya mwili ulivyo hai.

Tena kuna kioja. Kitabu kimoja kilozunguka kwa Kiarabu kikiitwa Theolojia ya Aristotle hakikuwa cha Aristotle hata kidogo, kilikuwa ni maneno ya Plotinus, yule mwanafalsafa wa karne ya 3 aliyezaliwa Misri, asemaye vyote vyatoka kwa Mmoja, kutoka kwa Mmoja yatoka Akili, kutoka kwa Akili yatoka Roho, na roho zetu zimeshuka na zaweza kupanda tena. Sasa fikiria wewe ni mwanazuoni, wasoma Aristotle wa kweli aliyekaa chini na mayai yake ya kuku, kisha wasoma huyu wa pili arukaye mbinguni, na waambiwa ni mtu mmoja! Ndipo wanafalsafa wa Kiislamu wakina Ibn Sina wakajitahidi kuwapatanisha.

Akaja Imam Ghazali, mwaka 1095 akaandika Tahafut, kitabu cha kuwapinga wanafalsafa, akawashika wanafalsafa kwa mambo ishirini, kwa kumi na saba akasema ni makosa na uzushi, kwa matatu akasema ni kufuru: kusema ulimwengu ni wa milele, kusema Mungu hajui mambo ya mmoja mmoja, na kukana kwamba miili itafufuliwa. Angalia hayo matatu vizuri. La kwanza ni anga, la tatu ni roho na mwili. Alijua ukikubali anga ya Aristotle isiyo na mwanzo hesabu ya roho yakuharibikia, maana kama watu wamekuwepo tangu milele na kila mmoja ana roho isiyokufa, basi sasa hivi pana roho zisizo na idadi zimekaa mahali. Hiyo ni hoja yake kabisa. Huku pwani Ihyaa, kitabu kingine cha Ghazali, yasomwa na kuheshimiwa, ila Tahafut wachache waifungua na ni hasara.

Kwa hiyo yule mtumishi asemaye Wagiriki ndio walotuletea roho isiyokufa ningemuuliza, mbona Mgiriki alosumbua dini zetu kuliko wote ni yule ambaye hakusema wazi kwamba roho yako itabaki?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Maalim shukran sana. Sasa huyu Aristotle ndo nimechanganyikiwa naye. Roho ni namna ya mwili ulivyo hai, maana yake nini? Na kwa nini hakusema wazi?

Frateri Mstaafu

Hapa niachieni, ndo nilifanyia mtihani wa mdomo.

Aristotle alikaa Academy miaka ishirini hivi na aliheshimu sana Plato lakini ile ya roho kupewa nyota na kuingizwa mwilini hakuivumilia. Anasema wale wa Pythagoras wanaongea kana kwamba roho yoyote inaweza kuvaa mwili wowote, bila kujiuliza huo mwili uweje. Yeye anasema jicho lingekuwa mnyama, kuona ndo kungekuwa roho yake. Jicho la sanamu halioni, tunaliita jicho kwa jina tu. Kwa hiyo kuuliza kama roho na mwili ni kitu kimoja ni sawa na kuuliza kama nta na alama iliyopigwa kwenye nta ni kitu kimoja. Mmea una roho, ya kula na kukua. Mnyama ana hiyo na ya kuhisi. Mtu ana zote na akili juu yake. Ukimsoma hapo unasema basi, mwili ukifa yamekwisha, kama kuona kunavyokwisha jicho likitoboka.

Halafu kwenye kitabu cha tatu cha De Anima, yani maandiko yake kuhusu roho, sura ya tano, sura fupi sana unaisoma ukiwa umesimama, anasema kuna akili nyingine inayofanya vyote, inatenganika, haichanganyiki na mwili, na hiyo peke yake haifi na ni ya milele. Hakueleza zaidi, akaendelea na mengine. Padri wetu alitusomea sura hiyo kwa sauti mara mbili afu akafunga kitabu akatuambia leteni majibu kesho, na hakuna aliyeleta.

Hiyo akili ni ya nani? Yangu, ya Mungu, au moja kwa watu wote? Alexander wa Aphrodisias, mfafanuzi wa kale wa Aristotle, akasema ni Mungu mwenyewe. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyemjibu Ghazali, akafika mahali pa kusema akili ni moja kwa wanadamu wote, sisi tunafikiri kupitia hiyo moja. Thomas wa Aquino, mwanateolojia wa Kikatoliki, mwaka 1270 akaandika kitabu kizima Paris kupinga, na hoja yake inayouma ni rahisi: mtu huyu hapa anafikiri. Kama akili ni moja na iko nje yangu basi mimi sifikiri, nafikiriwa, kama ukuta usivyoona kwa sababu tu rangi yake inaonwa na mtu.

Kwa kusoma mkuu, anza na Phaedo, fupi na utalia mwishoni, kisha De Anima kitabu cha pili, cha kwanza kiruke anawakosoa waliotangulia tu. Timaeus imalizie taratibu, usikose ndege: wale ambao walisoma anga lakini wakadhani macho peke yake yanatosha, wakizaliwa tena wanaota manyoya.

Chizi Mstaarabu

Kwa hiyo kunguru wote hawa wa Dar walikuwa wanajimu??

Maalim wa Kisauni

Frateri umesema vizuri ila Ibn Rushd hukumtendea haki. Yeye hakuamka asubuhi akazua akili moja, alikuwa na swali ambalo Thomas alilazimika kulijibu pia: mimi nikielewa pembetatu na wewe ukielewa pembetatu, tumeelewa kitu kimoja au viwili? Kama ni viwili twaelewanaje? Kama ni kimoja, kimekaa kwenye kichwa cha nani? Fungua uzi wake peke yake nije, hapa tutamchosha mleta mada.

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Fungueni tu hapa hapa Maalim, bando bado lipo.